Sura ya Tano: Mkojo wa Nani?

Saratani ya kibofu cha mkojo ina jambo moja linaloitenga na saratani nyingi za ndani ya mwili: uvimbe wake hulowa mkojo usiku na mchana. Uvimbe wa kongosho umejificha nyuma ya tumbo, wa ubongo umefungiwa ndani ya fuvu, na daktari anayetaka kipande chake hana budi kutoboa au kupasua. Uvimbe wa kibofu haumlazimishi hivyo. Kila kinachobanduka kwake, iwe seli nzima, kipande cha DNA au uzi mfupi wa RNA, hutoka mwilini na mkojo mara kadhaa kwa siku. George Papanicolaou na Victor Marshall waliliona hilo mapema. Mwaka 1945 walichapisha katika jarida la Science namna ya kuzitambua seli za saratani kwa kutazama mashapo ya mkojo kwa hadubini. Hata hivyo, miaka themanini baadaye, mtu anayekojoa damu bado hupitishwa mrija wenye kamera kwenye njia ya mkojo, uchunguzi uitwao sistoskopi, ambao Maximilian Nitze aliuonyesha Vienna mwaka 1879. Seli za uvimbe mkali huonekana wazi kwenye hadubini, lakini seli za uvimbe mpole hufanana mno na seli za kawaida, na hata mtaalamu hodari huzipita. Kwa hiyo kwa miongo kadhaa watafiti wametafuta kitu kingine ndani ya mkojo, kitu ambacho mashine inaweza kukihesabu pasipo kutegemea jicho. Kwa miaka ishirini hivi iliyopita, tumaini kubwa limewekwa kwenye RNA zisizotengeneza protini. Naamini tumaini hilo lina msingi. Naamini pia kwamba sehemu kubwa ya ushahidi wake imekusanywa kwa kuwalinganisha watu wasiofaa kulinganishwa, na kwamba kosa hilo linatuhusu zaidi sisi tunaoishi kando ya mabwawa, mito na mashamba ya mpunga yenye kichocho.

Kwanza RNA zenyewe. Tulizoea kufundishwa kwamba DNA huandika, RNA hubeba ujumbe, na protini hufanya kazi. Ramani ya vinasaba vya binadamu ilipokamilika mwaka 2003, ilionekana kwamba jeni zinazotengeneza protini ni kama 20,000 tu, na kwamba maandishi yake hayafiki hata asilimia 2 ya DNA yote. Mwaka 2012 watafiti wa mradi wa ENCODE walikadiria kwamba takriban robo tatu ya DNA yetu inaweza kunakiliwa kuwa RNA. Basi seli inanakili sana kuliko inavyotengeneza protini, na nakala hizo nyingine zina aina nyingi. Zipo fupi sana, mikroRNA, zenye herufi kama 22, ambazo hujibandika kwenye RNA zinazobeba ujumbe na kuzizuia zisisomwe. Ya kwanza, lin-4, ilielezwa mwaka 1993 katika mnyoo mdogo wa udongoni na maabara za Victor Ambros na Gary Ruvkun, na ugunduzi huo uliwapa wawili hao Tuzo ya Nobel ya mwaka 2024. Zipo ndefu, zenye herufi zaidi ya 200, ambazo nyingine huongoza uwashaji na uzimaji wa jeni. Zipo pia za duara, zisizo na mwanzo wala mwisho, na kwa sababu hiyo vimeng'enya vinavyoanza kula RNA kutoka ncha zake havipati pa kushika. Wapo wanasayansi wanaosema sehemu kubwa ya nakala hizi haina kazi yoyote, kwamba seli inanakili ovyo na kutupa. Inawezekana wana haki. Lakini kwa anayetafuta kiashiria cha ugonjwa, mjadala huo si kikwazo. Kiashiria hakilazimiki kuwa chanzo cha ugonjwa wala kuwa na kazi ndani ya seli. Kinachotakiwa ni kwamba kiongezeke au kipungue ugonjwa ukiwapo, na kisifanye hivyo ugonjwa usipokuwapo. Sharti hilo la pili ndilo zito, na ndilo nitakaloliandama katika sura hii.

Wengi walitilia shaka kwamba RNA ingeweza kudumu kwenye mkojo. RNA inasifika kwa kuoza haraka, na mkojo umejaa vimeng'enya vya kuiozesha. Shaka hiyo imejibiwa kwa vipimo. Tangu mwaka 2008 ilipothibitishwa kwamba mikroRNA za uvimbe huweza kupimwa katika sehemu ya majimaji ya damu, imekuwa wazi kwamba nyingi kati yake husafiri zikiwa zimekumbatiwa na protini au zimefungwa ndani ya vifuko vidogo vya mafuta ambavyo seli huvitema, na kwamba hifadhi hiyo huzifikisha salama maabarani. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba uwiano wa mikroRNA mbili katika mkojo, miR-126 na miR-152, ungeweza kutofautisha wagonjwa wa saratani ya kibofu na wasio nayo. Kabla ya hapo, mwaka 2006, kikundi cha China kilikuwa kimetangaza RNA ndefu waliyoipa jina la UCA1, yaani inayohusiana na saratani ya yurotelia, ule utando unaotandika kibofu kwa ndani. Takwimu zao zilikuwa za kuvutia: kipimo kiliwanasa wagonjwa 8 kati ya kila 10, na kati ya watu wasio na saratani hiyo kiliwaachia zaidi ya 9 kati ya kila 10. Kwa mtu aliyezoea udhaifu wa hadubini kwenye uvimbe mpole, habari hiyo ilikuwa kubwa.

Kisha wengine wakarudia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kwa kipimo cha UCA1 ulipata takriban asilimia 70 kwa kunasa na takriban asilimia 70 kwa kuachia. Kipimo cha namna hiyo hakiwezi kumpokonya daktari kamera yake. Kushuka huku hakukuipata UCA1 peke yake. Ukizipitia orodha za mikroRNA zilizopendekezwa kwa saratani ya kibofu, utaona kila maabara imetoka na jina lake, na majina yanayojirudia kutoka orodha moja hadi nyingine ni machache. Sababu mojawapo ni ya kiufundi, na nitaipita haraka: mkojo hauna kipimo thabiti cha kulinganishia. Aliyekunywa maji mengi hutoa mkojo mwepesi, wa asubuhi ya kwanza ni mzito kuliko wa mchana, na bado hakuna makubaliano ya RNA ipi itumike kama mizani ya kusawazishia sampuli. Hilo litatatuliwa kwa kukaa pamoja na kukubaliana. Sababu ya pili ni nzito zaidi, maana makubaliano ya maabara hayawezi kuiondoa. Inahusu nani aliwekwa upande wa pili wa mlinganisho.

Chukua hesabu rahisi. Tuseme kipimo kinanasa asilimia 81 ya wagonjwa na kuwaachia asilimia 92 ya wasio wagonjwa. Katika utafiti wenye watu 1,000, nusu wagonjwa na nusu wazima, kipimo kitawaita wagonjwa watu 445, na 405 kati yao watakuwa wagonjwa kweli. Ni asilimia 91; mtafiti ana kila sababu ya kufurahi. Sasa kipeleke kipimo kilekile kwenye kliniki ya watu wanaokojoa damu, ambako tuseme 100 kati ya 1,000 wana saratani. Kitawanasa 81, lakini kitawatia hofu wengine 72 wasio nayo. Anayenaswa na kipimo ana nafasi ya kama nusu kwa nusu ya kuwa na saratani kweli. Kipeleke tena kijijini, kwa watu 1,000 wasio na malalamiko yoyote, ambao tuseme watano tu ndio wenye saratani. Kitawapata wanne na kuwashtua karibu 80. Hakuna kilichobadilika ndani ya kipimo. Waliobadilika ni watu. Kwa hiyo takwimu ya asilimia 91 iliyopatikana kwenye utafiti haiwezi kuhamishwa hadi kijijini, na kampuni au wizara inayofikiria kupima umma wote kwa RNA ya mkojo itajaza vyumba vya sistoskopi watu wazima huku wenye uvimbe wakisubiri nyuma yao.

Hesabu hiyo wataalamu wa takwimu wanaifahamu vizuri. Kuna jambo jingine ambalo halisemwi kwa sauti ya kutosha, nalo ni damu. Dalili kuu ya saratani ya kibofu ni mkojo wenye damu. Chembe nyekundu za damu hazina kiini, lakini zimejaa mikroRNA. MiR-451 na miR-16 zimo humo kwa wingi mno. Sasa fikiria utafiti wa kawaida: upande mmoja wamewekwa wagonjwa wenye uvimbe, ambao wengi wao mkojo wao una damu, ikionekana kwa macho au isionekane, upande wa pili wamewekwa watu wenye afya, labda wafanyakazi wa hospitali au wanafunzi waliojitolea, ambao mkojo wao ni safi. RNA yoyote iliyo nyingi katika damu itaonekana kuwa kiashiria bora cha saratani. Mashine haidanganyi, inahesabu kwa usahihi kitu ambacho hatukukiuliza. Kipimo cha namna hiyo kinatambua kukojoa damu, na kukojoa damu kunatambuliwa na mgonjwa mwenyewe, au na kijiti cha bei ndogo kinachochovywa kwenye mkojo. Hali ni hiyohiyo kwa mchokoo, yaani kuvimba kwa utando ulioumia, si uvimbe wa saratani. Mikrobu zinapoushambulia utando wa kibofu, au jiwe linapoukwaruza, seli hutema RNA nyingi za mwitikio wa kinga. miR-21, ambayo imetajwa kwenye saratani ya kibofu na saratani nyingine nyingi, hupanda pia katika magonjwa mengi ya mchokoo yasiyo saratani. Ndiyo sababu mlinganisho wenye maana ni ule wa mtu anayekojoa damu kwa saratani na mtu anayekojoa damu kwa sababu nyingine. Mtu mwenye mkojo safi hana haja ya kipimo hiki, na kumtumia kama kigezo ni kujipa ushindi kabla ya mchezo kuanza.

Hapa ndipo suala linapofika kwetu, kwa maana katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki sababu nyingine ya kukojoa damu ina jina linalojulikana na kila mtoto wa shule. Theodor Bilharz alimwona mnyoo wa kichocho jijini Cairo mwaka 1851, na mwaka 1911 A. R. Ferguson, naye akifanya kazi Cairo, alichapisha uchunguzi wa wagonjwa 40 akiunganisha kichocho na saratani ya kibofu. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka mnyoo wa kichocho cha mkojo katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani kwa binadamu. Njia yake inaeleweka kwa kiasi kizuri. Mnyoo jike hutaga mayai katika mishipa inayozunguka kibofu. Mengine hutoka na mkojo, mengine hukwama kwenye ukuta na kuuchokoza kwa miaka mingi. Utando wa kawaida hubadilika polepole kuwa seli bapa zinazofanana na za ngozi. Bakteria wanaojipatia makazi katika kibofu kilichoumia hugeuza naitreti za mkojo kuwa kemikali zinazoharibu DNA. Mwisho wake ni saratani ya seli bapa, ambayo si ile ya yurotelia inayowapata wavutaji sigara wa Ulaya, Marekani na China; na ile ya yurotelia ndiyo ambayo karibu viashiria vyote vya RNA vilitafutwa kwayo.

Ushahidi wa hapa nyumbani upo. Mwaka 2013 madaktari wa Mwanza walichapisha mapitio ya wagonjwa 185 wa saratani ya kibofu wa kaskazini magharibi mwa Tanzania. Zaidi ya nusu, kama asilimia 55, walikuwa na saratani ya seli bapa, na katika vipande vya karibu asilimia 45 ya wagonjwa wote yalionekana mayai ya kichocho. Wanawake walikaribiana na wanaume kwa idadi, hata kuwazidi kidogo, ilhali katika nchi za Magharibi wanaume ni mara tatu au zaidi. Wastani wa umri ulikuwa katika miaka ya hamsini. Ukiziweka takwimu hizi kando ya za tafiti za viashiria, unaona kwamba mgonjwa wa Mwanza hafanani na yule aliyetumika kutengeneza kipimo kwa aina ya uvimbe, kwa chanzo chake, kwa jinsia, wala kwa umri. Na asiye mgonjwa wa Mwanza hafanani na asiye mgonjwa wa huko pia: ana uwezekano wa kuwa na mayai kwenye kibofu, damu kwenye mkojo na kinga iliyochachamaa, bila saratani yoyote. Ongeza kwamba kwa wanawake damu ya hedhi, au ya vidonda vya kichocho katika njia ya uzazi, huingia kwa urahisi kwenye chupa ya sampuli. Kipimo cha UCA1 au cha miR-21 kikifika hapo kikiwa na mipaka iliyowekwa Beijing au London, kinaweza kukosea pande zote mbili kwa wakati mmoja: kuwaita wagonjwa watoto na vijana wenye kichocho tu, na kumwachia mama mwenye saratani ya seli bapa ambayo huenda haitoi RNA hiyo kwa kiwango kile. Sisemi kwamba kitakosea. Nasema kwamba takwimu za huko haziwezi kutujibia.

Kuna pingamizi la haki linalotolewa na watu wa afya ya jamii, nalo linastahili kujibiwa kikamilifu. Wanauliza: kwa nini tuhangaike na RNA wakati dawa ya kichocho, prazikwanteli, ni ya bei nafuu, na wakati kumkinga mtoto leo ni kumwepusha na saratani ya kesho? Zanzibar ni mfano wao mzuri. Kuanzia mwaka 2011 hadi 2017 mradi wa kutokomeza maambukizi ya kichocho Unguja na Pemba uligawa dawa mara mbili kwa mwaka, na katika baadhi ya shehia ukaongeza mapambano dhidi ya konokono au elimu ya tabia. Maambukizi yalishuka sana, ingawa maeneo machache yenye maambukizi yalibaki. Sina ubishi na sera hiyo. Shilingi moja ya kinga ina thamani kuliko shilingi nyingi za tiba, na nchi ikilazimika kuchagua, ichague dawa na maji safi. Lakini saratani hii huchukua miongo kuiva. Wanaoingia leo kwenye wodi za hospitali kubwa za Bugando, Muhimbili na KCMC waliambukizwa walipokuwa watoto, kabla ya ugawaji wa dawa mashuleni kuenea. Kinga ya leo haifuti mayai yaliyokwishaganda kwenye kuta za vibofu vya watu wazima. Watu hao wapo, wana miaka 30 au 50, na wengi hufika hospitali ya rufaa uvimbe ukiwa umekwishachimba msuli wa kibofu, hatua ambayo kukiondoa kibofu kizima huwa ndiyo tiba inayobaki, kama inawezekana.

Tena historia ya Misri inaonyesha kwamba kinga yenyewe hubadilisha sura ya ugonjwa. Katika hospitali kuu ya saratani ya Cairo, saratani ya seli bapa ilikuwa zaidi ya robo tatu ya saratani zote za kibofu karibu na mwaka 1980. Kufikia miaka ya 2000 ilikuwa imeshuka chini ya theluthi moja, na ile ya yurotelia ikachukua nafasi ya kwanza, kichocho kikipungua na sigara zikiongezeka. Hakuna sababu ya kudhani kwamba Kanda ya Ziwa, Kwale au bonde la Mto Tana vitafuata njia nyingine. Kwa hiyo hata tukipata kipimo kinachofaa Mwanza ya leo, hakitadumu kufaa bila kupimwa upya kila baada ya miaka kadhaa, kwa maana watu walioko nyuma ya takwimu watakuwa wamebadilika. Wanaouza vipimo hupenda kuzungumza kama usahihi ni mali ya kifaa. Cairo imetuonyesha kwamba usahihi unategemea pia mahali na wakati.

Pingamizi la pili linatoka upande mwingine, kwa wanaosema kwamba takriban miaka ishirini imepita tangu UCA1 na bado madaktari wa kibofu hawaitumii katika kazi yao ya kila siku; je, si ishara kwamba njia hii imefungwa? Siafiki. RNA isiyotengeneza protini imekwishaingia hospitalini, ila kwa kiungo cha jirani: PCA3, RNA ndefu inayozalishwa kwa wingi na saratani ya tezi dume, hupimwa kwenye mkojo, na mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kipimo chake mwaka 2012. Inafaa kuangalia iliidhinishwa kwa kazi gani. Haikuidhinishwa kugundua saratani kwa kila mwanamume. Iliidhinishwa kumsaidia daktari kuamua kama mwanamume ambaye kipande cha tezi yake kilikwishachukuliwa bila kuonyesha saratani anahitaji kuchukuliwa kingine. Swali lilikuwa dogo, wahusika walijulikana, na kipimo kikapata nafasi. RNA za ujumbe, zile zinazotengeneza protini, nazo zimefika mbali kwenye kibofu: kuna kipimo cha New Zealand kinachosoma jeni tano katika mkojo, na kuna kingine kinachosoma RNA tano kwa kutumia mashine ya GeneXpert, kikilenga wagonjwa waliokwishatibiwa ambao uvimbe unaweza kurudi.

Mashine hiyo si ngeni kwetu. Tangu Shirika la Afya Duniani lilipokipendekeza kipimo cha kifua kikuu cha Xpert mwaka 2010, GeneXpert zimesambaa katika hospitali za wilaya za Tanzania, Kenya, Uganda na jirani zake. Mhudumu anaweka sampuli kwenye katriji, anaichomeka, na mashine inasoma vinasaba bila kuhitaji maabara kubwa. Wanaosema teknolojia ya kusoma RNA haiwezi kutufikia wamesahau kwamba imekwishafika, imewekwa kwenye chumba cha kifua kikuu. Kilicho kigumu ni bei. Katriji ya kifua kikuu ilishushwa hadi dola 9.98 mwaka 2012 kwa makubaliano maalumu ya wafadhili, na dola 7.97 mwaka 2023, baada ya miaka ya shinikizo la wanaharakati. Katriji ya kibofu ilibuniwa kwa soko la nchi tajiri na haijapiganiwa hivyo. Kuna njia nyingine pia: mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ain Shams, Cairo, walieleza namna ya kuitambua UCA1 kwenye mkojo kwa chembe ndogo za dhahabu zinazobadilika rangi, bila mashine ya PCR. Inafurahisha kwamba kazi hiyo ilitoka katika mji uleule ambako kichocho kilitambuliwa, na kwamba maabara za Misri zina desturi ya kuwaweka wagonjwa wa kibofu wasio na saratani, wenye kichocho wakiwemo, katika mlinganisho wao. Hiyo ndiyo desturi tunayoihitaji.

Basi swali letu dogo, lenye wahusika wanaojulikana, ni lipi? Kwa maoni yangu ni la foleni. Sistoskopi hufanyika katika hospitali chache, kwa wataalamu wachache, na mtu wa Simiyu au Tabora anayekojoa damu hupewa prazikwanteli, kisha dawa ya bakteria, kisha prazikwanteli tena, kwa miezi na hata miaka. Mara nyingi hilo ni sahihi, kwa sababu wengi wana kichocho tu. Kosa ni kwamba hakuna kinachomwambia mganga wa kituo ni nani kati yao asiyepaswa kusubiri. Kipimo cha RNA ambacho kingenasa asilimia 80 ya wenye saratani miongoni mwa watu wazima ambao damu imeendelea baada ya dawa, hata kikikosea kwa wengine wengi, kingewasogeza mbele walio hatarini. Katika hesabu ya kliniki niliyoitoa hapo juu, kati ya watu 153 watakaoitwa, 81 wana saratani. Kumpeleka kila mmoja wao kwenye kamera ni mzigo ambao hospitali inaweza kuubeba, tofauti na kuwapeleka wote 1,000. Lakini wapo pia 19 wenye saratani watakaokuwa kati ya wale 847 walioachiwa. Ni asilimia 2 tu, ila ni watu, na kwa sababu yao jibu la kuachiwa lisitumike kumfukuza mtu. Litumike kumpangia tarehe ya kurudi, na damu ikiendelea aende kwenye kamera bila kujali mashine ilisema nini. Anayepinga kwamba kipimo kinachowakosa watu 19 hakifai, namwomba akilinganishe na utaratibu uliopo, unaongoja hadi maumivu na kukonda.

Uwezekano mmoja unanivutia kuliko mingine yote, na hautoki kwenye uvimbe wa binadamu bali kwa mnyoo. Minyoo ya kichocho ina mikroRNA zake yenyewe, na baadhi yake, kama ile iitwayo bantam, zina mpangilio wa herufi ambao binadamu hana. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba mikroRNA tatu za mnyoo zilizopatikana katika damu ziliweza kutofautisha watu wenye mayai na wasio nayo. Hizo zilikuwa za kichocho cha tumbo na zilipimwa katika damu, kwa hiyo kuzihamishia kwenye mkojo na kwenye kichocho cha mkojo ni kazi inayohitaji ushahidi wake. Lakini wazo lenyewe linajibu tatizo lililotusumbua sura nzima. Tatizo letu lilikuwa kwamba mnyoo na uvimbe vyote husababisha damu na mchokoo, na RNA za binadamu peke yake huenda zisitenganishe mawili hayo. Mkojo uleule ukiulizwa maswali mawili kwa pamoja, yaani mnyoo yumo kwa kiasi gani, na seli za binadamu zimebadilika kwa kiasi gani kuliko inavyotarajiwa kwa mnyoo wa kiasi hicho, jibu la pili linaanza kuwa na maana. Mwenye RNA nyingi za mnyoo na kiasi cha wastani za mchokoo apewe dawa na arudi. Asiye na RNA ya mnyoo hai lakini ana RNA za binadamu zilizopanda ni mtu wa kuharakishwa, kwani mara nyingi saratani hufika wakati mnyoo amekwishakufa na mayai yake ya zamani yamebaki yameganda ukutani.

Utafiti wa kuthibitisha hayo unaweza kufanywa bila mashine mpya. Unahitaji watu wazima wanaokojoa damu, wanawake na wanaume kwa idadi inayokaribiana, waliochukuliwa kwa mfululizo kadiri wanavyofika kliniki, bila kuchaguliwa. Kila mmoja atoe mkojo kabla ya kupewa dawa yoyote. Mkojo huo uhesabiwe mayai kwa hadubini na upimwe damu kwa kijiti, kisha ugandishwe. Kila mmoja, si wanaoshukiwa peke yao, apitishwe kamera na, ikionekana haja, achukuliwe kipande. Wasomaji wa RNA wasiambiwe kamera iliona nini. Mipaka ya kipimo iwekwe kwa nusu ya kwanza ya watu na ijaribiwe kwa nusu ya pili, na matokeo yaandikwe yakitenganishwa kwa saratani ya seli bapa na ya yurotelia, kwa wenye mayai na wasio nayo, kwa wanawake na wanaume. Gharama kubwa humo ni ile sistoskopi ya kila mshiriki, na hiyo wafadhili huiona kuwa anasa. Bila hiyo hatutajua ni nani aliachiwa kimakosa, na tutarudi palepale pa kununua kipimo kilichohesabiwa kwa mkojo wa watu wengine.